Kikohozi cha Binamu

ZUHURA: Inarekodi? Haya, asalaam aleikum jamani, mko na Zuhura na kakangu Omari, na leo tunarudi 2020 kidogo. Najua mshachoka na corona, lakini kuna kitu kinanikereketa tangu zamani.

OMARI: Waaleikum salaam. Huyu alinipigia saa nne usiku ati "Omari, mbona tulikua tunaogopa kikohozi cha mtu wa matatu na cha binamu hatukiogopi?" Nikamwambia dada, lala.

ZUHURA: Si kweli lakini? Kumbuka zile matatu za watu 14 zikibeba 8, mtu akipiga chafya kule nyuma gari zima linageuka, mwengine anashuka kabla ya steji yake. Alafu huyo huyo akifika nyumbani akamkuta binamu katoka Nairobi, mafua yamembana, wanakaa wanakula sinia moja. Na mi nilikuemo kwenye hilo sinia, sisemi watu.

OMARI: Basi hilo lishachunguzwa. Kuna mwanasaikolojia wa Australia anaitwa Tegan Cruwys, yeye na wenzake wamelifuatilia, kwamba ukishamuona mtu ni wa kwenu akili inaipunguza hatari yenyewe, haikuulizi. Na kuna Mark Schaller kule Canada, naye mwanasaikolojia, huyu anasema mwili una kinga ya pili ambayo ni kinyaa, yaani kabla damu haijapigana na ugonjwa macho na pua zishakwambia mkwepe huyu. Sasa kinga hiyo inakosea kweli kweli, inamkwepa mgeni, inamkwepa mwenye baka usoni lisiloambukiza mtu, na binamu anayetiririka makamasi anapita tu, karibu ndani.

ZUHURA: Mi nakubali nusu. Hapo umeiacha adabu. Ngoja nikwambie, alikuja jirani yetu, mtu mzima, kaleta kisahani cha viazi karai, nikamsimamisha mlangoni, "bibi, salamu zatosha hapo hapo." Mama alininunia siku mbili! "Umemrudisha mtu mlangoni kwangu." Na mama, corona alikua anaijua kuliko mimi, kila siku jioni yuko na redio, wangapi wamepimwa, wangapi wamepatikana nayo, anazo zote kichwani. Kwa hiyo mtu asiniambie watu walikua hawana elimu. Elimu ilikuepo. Kumwambia mtu mzima asogee nyuma ndiko hakukuwezekana.

OMARI: Ee, na ukitazama kipimo chenyewe utaelewa. Edward Hall, Mmarekani, mwaka 1966 aliandika kuhusu masafa ya watu, akasema mpaka sentimita 45 hivi ni mtu wako wa ndani, mpaka mita 1.2 ni rafiki, na kuanzia hapo mpaka mita 3.6 ni watu wa shughuli tu. Alikua anawazungumzia Wamarekani hao, sisi tunabanana zaidi. Sasa serikali ikikwambia kaa mbali mita 1.5, wewe unachosikia ni...

ZUHURA: ...mfanye mamako karani wa benki!

OMARI: Umemaliza.

ZUHURA: Na neno lenyewe lilikosewa, hilo la kujitenga. Kwetu mtu anatengwa kwa kosa, ametia aibu, kachezea mali ya mayatima, ndio anatengwa. Unamwambiaje mtu jitenge na wenzio na hana kosa lolote? Hata WHO, Shirika la Afya Duniani, Machi ile ile ya 2020 wakaanza kusema umbali wa kimwili, wakaliwacha lile la umbali wa kijamii.

OMARI: Ndio maana ile picha ya Magufuli, rais wa Tanzania wakati ule, na Maalim Seif wa upinzani Zanzibar, Ikulu, Machi 2020, wanasalimiana kwa miguu, watu walicheka lakini ilikua na maana yake. Hujamnyima mtu salamu, umembadilishia tu. Ukinyima kabisa unaambiwa unaringa.

ZUHURA: Mkono kifuani ulisaidia sana huku. Sema kuna vitu havina mbadala. Mazishi, kwa mfano, tuliambiwa watu 15. Kumi na tano kwa ukoo gani?

OMARI: Hapo warudi kwenye ebola ya Afrika Magharibi, 2014. Mwanzo timu zinakuja na yale mavazi meupe, maiti anatiwa mfukoni, anaondoka, familia haijui kaburi liko wapi. Watu wakaficha maiti, wakazika usiku, na maiti wa ebola anaambukiza vibaya mno. Mpaka wakakaa na mashekhe na mapadri na wanaanthropolojia, wale wanaochunguza mila za watu, na Novemba ile WHO ikatoa utaratibu mpya, Muislamu akaruhusiwa tayamamu, yaani kutoharishwa bila maji, badala ya kuoshwa, na sanda yake, na familia isimame kwa mbali ione, iombe dua. Ugonjwa ni ule ule na umbali upo, lakini sasa familia inashirikishwa.

ZUHURA: Na huku kwetu tarehe 27 Machi 2020, kafyu ya kwanza, inaanza saa moja jioni, pale feri ya Likoni, Mombasa, watu wanakimbilia kuvuka kabla ya muda, polisi wakawatupia vitoa machozi wakawabana pamoja. Watu wanakohoana usoni, wanafuta macho kwa mikono. Sote tuliziona zile video. Ukishaona vile, utaamini kweli ile mita ni kwa afya yako?

OMARI: Huamini. Ukishahisi ni adhabu, unaanza kuikwepa adhabu, ugonjwa unausahau. Karantini ilikua hivyo hivyo, mwanzoni watu wanalipishwa wenyewe, basi mwenye homa anameza panadol ananyamaza.

ZUHURA: Ami yangu sasa. Misikiti ilipofunguliwa Julai, masharti yakawa watu 100, saa moja tu, na umri ni 13 mpaka 58. Ami ana 71. Alivaa kanzu akaenda, kijana wa mlangoni akamwambia ami, wewe hapana. Na ndani zulia limepigwa tepu, simama hapa, simama pale, na wale walioingia wanasogeleana taratibu kila rakaa, maana toka utotoni ushafundishwa ujaze safu, usimwachie shetani nafasi, na bega lenyewe linatafuta bega la jirani. Mpaka wakitoa salamu tepu ziko peke yake.

OMARI: Na ami?

ZUHURA: Akakaa baraza ya nje. Kesho yake kaja mzee mwengine, keshokutwa watatu, baada ya wiki wazee wote wa mtaa wako pale barazani, wamebanana kuliko waliokuemo ndani! Barakoa kidevuni.

OMARI: Wale wale waliokatazwa ili walindwe!

ZUHURA: Wale wale. Na muuza kahawa akalijua soko, kila baada ya alasiri anafika na buli lake na vikombe vinne, anavisuuza kwenye maji yale yale ya kopo.

OMARI: Vikombe vinne, wazee wangapi?

ZUHURA: Kumi na mmoja. Na mi ndio nilikua nikitumwa nikawalipie.