Desemba Chuo Kisifungwe: Likizo katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wenzangu, wafanyakazi wa jikoni, wa shamba na wa ulinzi, wanachuo, na ninyi wazazi mlioacha majembe yenu ili mje kutusikiliza, nawasalimu kwa heshima. Nimeombwa kuzungumzia shughuli za wanachuo na wafanyakazi wakati wa likizo. Nilifundisha ushonaji katika chuo cha maendeleo ya wananchi hadi nilipostaafu, na katika miaka yote hiyo jambo hili lilikuwa likikumbukwa mwisho wa kikao, watu wakiwa wamekwisha kusimama, kisha likaachiwa mlinzi pamoja na bunda la funguo. Nashukuru kwamba leo limepewa asubuhi nzima.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, na nchi hiyo ikatusaidia kuvianzisha. Tanzania ilikuwa imetoka katika Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima wa 1970 na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, na watu waliokwisha kujua kusoma na kuandika walihitaji mahali pa kuendelea. Leo vyuo ni 54. Lakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Chuo cha kwanza cha aina hii kilifunguliwa katika mji wa Rødding mwaka 1844, kutokana na mawazo ya mchungaji na mwandishi Grundtvig wa Denmark, na vyuo vilivyofuata huko vilizoea kuwafundisha vijana wa kiume wa wakulima majira ya baridi, wakati ambapo shambani hakuna kazi kubwa, na wasichana majira ya joto. Kwa maneno mengine, kalenda ya chuo ililifuata jembe. Sisi tulilichukua wazo, lakini kalenda tukaichukua shuleni: tunaanza Januari, tunapumzika Juni, tunafunga Desemba.

Naomba tuutazame mwezi huo wa Desemba kwa makini, kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Shule zinafunguliwa Januari. Kila mzazi mwenye mtoto anayeanza darasa la kwanza, au aliyeizidi kimo sare ya mwaka jana, anatafuta fundi wa kumshonea shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu. Walimu wakuu wanatafuta seremala wa kuunga madawati yaliyovunjika. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Iringa, Njombe, Dodoma na Singida, huu ndio wakati wa kupanda au kupalilia. Hakuna mwezi ambao mwananchi ana haja na chuo chake kuliko huo, na ndio mwezi tunaotia kufuli karakana.

Mwaka mmoja, katika chuo nilichokuwa nafundisha, tulifunga kila kitu kwa wiki tano. Tuliporudi, panya walikuwa wamekata mikanda ya ngozi ya vyerehani, na mchwa walikuwa wamepanda kwenye miguu ya meza ya kukatia hadi ukiiegemea inalia. Nilifungua bamba lililo chini ya sindano ya cherehani kimojawapo, nikakuta nyuzi zilizogandamana na mafuta makavu zimeziba meno yote yanayosogeza kitambaa, ngumu kama kizibo. Ilinibidi nizikwangue kwa ncha ya sindano. Vyerehani havikuharibika kwa kufanya kazi. Viliharibika kwa kukaa. Wiki mbili za kwanza za muhula ziliishia kwenye matengenezo, na wanachuo wapya, waliolipa ada ili wajifunze kushona, walikaa wakitutazama.

Desemba iliyofuata tulibaki wakufunzi wawili na wanachuo sita. Asubuhi tulipokea vitambaa na kupima, mchana tulikata, jioni tulishona. Nakumbuka mwanachuo mmoja ambaye darasani alikuwa hodari wa kuchora kola kwenye karatasi, lakini alikuwa hajawahi kusimama mbele ya mama anayelalamika kwamba mkono umekuwa mfupi. Aliufumua ule mkono, akateremsha pindo, akaupiga pasi, akaomba radhi. Kwa maoni yangu, alijifunza ufundi siku hiyo kuliko katika nusu ya muhula, kwa kuwa mteja hatoi alama. Anavaa au anarudisha.

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa, na nisingependa nieleweke vibaya. Kazi ya likizo inaweza kugeuka unyonyaji kwa urahisi sana. Mwalimu, alipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakusema tu kwamba wanafunzi walime. Alitaka washiriki katika kuamua, na waone matunda ya jasho lao katika maisha yao wenyewe. Kwa hiyo mwanachuo anayebaki abaki kwa hiari yake, aandikwe, ale chakula cha chuo, na sehemu ya fedha za kila vazi iwe yake, ikiwekwa wazi kwenye daftari ambalo yeye mwenyewe analisoma na kulitia saini. Vivyo hivyo shambani: anayepanda mahindi ya chuo katika mvua za kwanza ana haki ya kujua yatakwenda wapi yakivunwa.

Kwa upande wa wafanyakazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, na mkufunzi aliyechoka hafundishi vizuri. Sidai kwamba wote wabaki. Nadai zamu iliyopangwa mapema, tangu Oktoba, ili anayebaki Desemba apumzike wakati mwingine, na ili mpishi na mlinzi wasiambiwe siku ya mwisho kwamba hawaendi nyumbani kwa sikukuu.

Wapo pia wanaobaki kwa sababu hawana pa kwenda. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, vyuo vyetu vimepokea wasichana waliokatiza masomo, wengi wao wakiwa na watoto wadogo. Tangazo la kufunga chuo likitoka, kwa wanachuo wengine ni furaha ya kwenda stendi. Kwa msichana ambaye nyumbani aliondoka kwa maneno makali, ni usiku wa kutolala. Nimewahi kumkuta mmoja ameketi barazani mwa bweni, mtoto mgongoni, begi limefungwa, basi limekwisha kuondoka, na yeye hakuwa amelikosa. Tulimrudisha ndani. Suala lake halikuwa nauli, na bweni likifunguliwa bila mkufunzi wa kike wa zamu, bila jiko kuwaka na bila mtu wa kumshikia mtoto, bado tutakuwa hatujamsaidia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naiomba Bodi ipitishe mambo mawili kabla ya kikao hiki kuvunjwa. Karatasi ya zamu ibandikwe getini, mahali ambapo mwananchi asiye na mtoto chuoni anaweza kuisoma. Na funguo za karakana ya ushonaji zibaki na mkufunzi wa ushonaji. Tangu nianze kuzungumza nimewaona wazazi watatu nyuma ya ukumbi wakiwa na vitambaa kwapani. Ningependa waondoke leo wakiwa wamepimwa.