Teknolojia Mpya Katika Safari za Anga: Kisa cha Deep Space 1

Ndugu wasikilizaji, kila mhandisi wa vyombo vya anga anatamani injini mpya, ila angependa mwenzake atangulie kuirusha.

NASA, shirika la anga la Marekani, hupima ukomavu wa teknolojia kwa ngazi 1 hadi 9. Ngazi ya 6 ni mfano uliojaribiwa katika mazingira yanayokaribia ya angani. Ya 9 ni kifaa kilichokwisha kufanya kazi safarini. Katikati hapo ndipo mengi hukwama.

Safari ya majaribio ya NASA iitwayo Deep Space 1, iliyorushwa Oktoba 24, 1998, iliundwa kuvuka pengo hilo. Ilibeba teknolojia 12, na kuzijaribu ndiyo ilikuwa kazi yake kuu. Hata kifaa kikifeli, mradi sababu ijulikane, safari haijapotea.

Kubwa kati ya hizo ilikuwa injini ya ioni. Atomi za gesi ya zenoni, iliyopakiwa kama kilo 81, hunyang'anywa elektroni, kisha ioni zake, yaani atomi hizo zilizobaki na chaji ya umeme, huvutwa kwa zaidi ya volti 1,000 kupitia nyavu mbili za chuma zilizoachana kwa chini ya milimita moja. Msukumo wake wa juu kabisa hauzidi uzito wa karatasi mbili za kuchapia. Msicheke; unaweza kuendelea kwa miezi.

Injini hiyo hula zaidi ya kilowati 2, na hapo ndipo kazi ya kuunganisha inapouma. Umeme ulitoka kwenye paneli za jua ambazo nazo zilikuwa mpya, zenye lenzi 720 za kukusanya mwanga. Lenzi zikikosea kulielekea jua, umeme hushuka. Injini nayo inataka chombo kielekezwe inakosukuma. Vipya viwili vikitegemeana namna hiyo, kuvijaribu kimoja kimoja hakutoshi. Mpangaji makini huanza na orodha ya mategemeo, ndipo aje kwenye vifaa.

Novemba 10 injini iliwashwa, ikafanya kazi dakika nne na nusu, ikazima. Aliyeshukiwa zaidi ni chembe ya uchafu iliyonasa kati ya nyavu na kuleta shoti. Wahandisi walikigeuza chombo juani na kivulini ili nyavu zitanuke na kusinyaa, chembe iachie. Novemba 24 injini ikawaka, na hadi mwisho wa safari ilifikisha zaidi ya saa 16,000.

Kilichokufa mwaka 1999 kilikuwa kifaa cha kawaida kabisa, kisichokuwa hata katika orodha ya majaribio: kamera ya kufuatia nyota, inayokijulisha chombo kimeelekea wapi. Programu iliandikwa upya ikatumwa kwa redio, kamera ya sayansi ikachukua kazi hiyo, na Septemba 2001 chombo kikapita karibu na nyotamkia Borrelly.

Dawn, safari nyingine ya NASA ya 2007, ikabeba injini tatu za aina hiyohiyo, ikiendesha moja kwa wakati. Ikazunguka asteroidi Vesta mwaka 2011, kisha sayari kibete Ceres mwaka 2015.