Jicho Limeshonwa, Kuona Bado

Ndugu zangu wauguzi na matabibu, huduma ya kwanza mnaijua, sitairudia. Nimekuja na lile lile ninalolisema kila mwaka: mtoto aliyeumia jicho akishashonwa, msimwambie mama yake "amepona".

Alikuwepo mtoto wa miaka minne, alichomwa jicho na ncha ya mkonge wakicheza kombolela. Tulimshona, tukamtoa mtoto wa jicho aliyetokana na jeraha, tukaweka lenzi. Likabaki kovu dogo kama punje ya ufuta. Mama akaambiwa amepona, akaondoka analia kwa furaha. Aliporudi, mwanawe ana miaka tisa. Nikaliziba jicho zima, lile lisiloumia, nikamnyooshea vidole mbele ya lile tulilolishona. Akakisia: "Viwili?" Vilikuwa vinne.

Jicho lenyewe halikuwa na kosa. Ubongo ndio uliolisusa. Watafiti Hubel na Wiesel, waliopata Nobel mwaka 1981, walilionyesha hilo kwa vitoto vya paka: jicho likifungwa utotoni, hata ukilifungua baadaye, ubongo haulishughulikii tena. Mtasema miaka tisa si bado mtoto? Ni mtoto, na tulijaribu. Akaongeza mistari miwili ya chati ya kupimia macho, basi. Ile miaka mitano ndiyo iliyotuponyoka, na inaniuma mpaka leo.

Tiba ni miwani, maana konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ikishashonwa hupinda na picha huvurugika. Kisha plasta juu ya jicho zima, kwa saa atakazopanga daktari. Hapo ndipo kesi huanza. Bibi mmoja alinikabili: "Mjukuu wangu kabakiwa na jicho moja, nanyi mnaliziba?" Msimpuuze, kauliza la maana. Mketisheni, mwelezeni kwamba jicho zima likiachwa lifanye kazi yote, lililoumia halitajifunza kuona. Halafu mpeni kazi: plasta ikishabandikwa, achambue mchele pamoja na mjukuu, watafute vijiwe. Yule bibi alifanya hivyo kila asubuhi, na plasta haikubanduliwa tena.

Nilitaka kusema habari za retina, ule utando wa nyuma ya jicho, muda umekwisha. Presha ya jicho tu: yaweza kupanda hata miaka mingi baada ya jeraha, kwa hiyo pimeni kila anaporudi. Na kwenye kadi, pale mlipozoea kuandika "amepona", andikeni tarehe ya kurudi, na namba ya simu ya bibi.