Mwanachuo, jina lako liko kituo gani? Kujiandikisha na kuhamisha kura hatua kwa hatua

Habari zenu, wanachuo. Karibuni dukani. Kwa wanaoniona leo mara ya kwanza, mimi ndiye yule dada wa fotokopi hapa Busitema, Uganda, kando ya barabara kuu ya Jinja kwenda Tororo. Nachapa kazi zenu, natoa nakala, napiga leminesheni. Leo, Januari 2025, nimeweka kamera kwa ajili ya daftari la wapiga kura.

Zoezi la kusasisha daftari lilianza Januari 20, na Tume ya Uchaguzi imetangaza kwamba linafungwa Februari 10, mwaka huu wa 2025. Uchaguzi mkuu ni mwanzoni mwa 2026. Kila siku mtu ananiambia hapa kaunta, "Dada, si bado mwaka mzima?" Kura ndiyo bado mwaka mzima, mdogo wangu. Daftari linafungwa wiki chache zijazo.

Tuanze. Cha kwanza, kitambulisho cha taifa. Daftari letu limejengwa juu ya orodha ya NIRA, wale wanaotoa vitambulisho vya taifa, kwa hiyo kama NIRA hawakujui, Tume nayo haikujui. Umefikisha miaka 18 na hujawahi kusajiliwa? Ofisi ya NIRA ya wilaya kwanza, leo hii, usingoje wikendi. Kusajiliwa mara ya kwanza ni bure. Ukipoteza kadi, kuipata nyingine ni shilingi 50,000, kwa hiyo acheni kuiweka rehani kwa mama wa rolex, yule muuza chapati za mayai.

Sasa sogeeni karibu. Hapa ndipo nataka tukae.

Hii ni kadi yangu, nimeifunika baadhi ya sehemu kwa karatasi... ngoja, mwanga wa dirisha unaipiga, haisomeki. Nainamisha kidogo. Haya, sasa inaonekana. Kwenye kadi kuna namba mbili. Hii hapa ni namba ya kadi. Siyo yenyewe! Tunayotaka ni NIN, namba yako ya utambulisho wa taifa, hii yenye herufi na tarakimu 14 zikichanganyika. Inaanza na C ya raia, halafu M kwa mwanamume au F kwa mwanamke, kisha tarakimu mbili za mwaka wako wa kuzaliwa. Kama umezaliwa 2005, utaona 05 hapo. Hiyo ndiyo NIN. Ukiona namba tupu isiyo na herufi, umeshika namba ya kadi, rudi juu.

Na sasa onyo langu. Kwenye NIN kuna sifuri na kunaweza kuwa na herufi O. Kwenye kadi hii ndogo zinafanana kama mapacha. Mwishoni mwa 2019 nilikuwa naishi Kampala, nafanya kazi kwenye duka la watu Wandegeya, na jina langu lilikuwa huku nyumbani Busia. Nikajaza fomu ya kuhamisha. Nilikuwa na haraka, wateja walikuwa wananingoja, nikaandika O mahali pa sifuri. Herufi moja. Nikarudisha fomu, nikaondoka nikiamini nimemaliza.

Januari 14, 2021, saa kumi na mbili alfajiri nilikuwa kwenye mstari. Nikafika mezani, jina halimo. Karani akatafuta tena, halimo. Nikasema nitaangalia kwenye simu, maana ukiweka NIN kwenye tovuti ya Tume inakuonyesha kituo chako. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima tangu jana yake jioni. Baadaye nilikuja kujua kwamba jina lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote, Busia, karibu kilomita 200 kutoka pale niliposimama. Ule uchungu bado ninao. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Kwa hiyo: sifuri ni sifuri. Andika NIN polepole, kalamu nyeusi, herufi kubwa, kila moja na chumba chake. Halafu mpe rafiki yako kadi, wewe soma fomu kwa sauti, yeye afuate kwenye kadi kwa kidole. Mimi hapa dukani nafanya hivyo na kila mwanafunzi, hata kama foleni imefika nje.

Ah! Umeme umeenda. Sawa, tutaendelea na mwanga wa mlangoni, msijali nikionekana mweusi kama kivuli. Sauti mnaipata? Mvua nayo inaanza kugonga bati. Nitapaza.

Cha pili, nijiandikishe wapi, nyumbani au chuoni? Sheria inakuruhusu parishi unakotoka, yaani muluka wa kwenu, au parishi unakoishi. Mnachagua moja. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na kuna wanaoingia humo bila kujua: jina liko Arua tangu zamani, akifika hapa anajiandikisha upya kama mtu mpya. Hapana. Kama ulishaandikishwa, wewe unahamisha. Waambie mezani hivyo hivyo, "Nataka kuhamisha."

Kabla ya kuamua, fungua kalenda ya chuo. Natamani kila mtu afanye hili kabla ya kitu kingine chochote. Uchaguzi wetu huwa mwanzoni mwa mwaka: 2016 ulikuwa Februari 18, 2021 ukawa Januari 14. Jiulize, katikati ya Januari mwili wako utakuwa wapi? Wengi wenu mtakuwa likizo, mnavuna maharage kwa bibi Kabale. Wewe usihamishe kura kuja Busitema halafu siku yenyewe uko Kabale huna nauli. Lakini kama uko mwaka wa mwisho, una mradi wa maabara, una chumba cha kupanga hapa na hutatoka, basi hamia. Rafiki zako wakihamia siyo sababu ya wewe kuhamia.

Na kumbuka, ukihamisha unabadilisha na unaowachagua. Rais ni yuleyule popote ulipo. Mbunge wa jimbo na mbunge mwanamke wa wilaya watakuwa wa huku, hali kadhalika madiwani na mwenyekiti wa LC5, yaani wa wilaya. Kama moyo wako uko kwenye daraja la kijijini kwenu, piga kura kwenu. Mimi mwenyewe napenda mtu apige kura pale anapochota maji kila siku, ila ni maoni yangu tu.

Cha tatu, kwenda. Kituo cha kusasisha kiko kwenye parishi. Hamjui parishi yenu? Muulizeni mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, wa pale mnapopanga, na mkiwa naye mumuombe barua ya kwamba mnakaa kijijini kwake, iwe mfukoni ikiulizwa. Nendeni asubuhi. Fomu ni bure, jamani, bure kabisa, msinunue fomu kwangu wala msimlipe mtu yeyote. Mezani unatoa kadi, unajaza, unaweka sahihi. Piga picha fomu yako kabla ya kuirudisha. Hiyo sehemu ni rahisi, naipita.

Ndiyo, kaka, ingia. Nakala ngapi? Umeme hakuna, keti hapo kidogo.

Cha nne, na ndicho kile nilichokiruka mimi. Baada ya miezi kadhaa Tume itabandika daftari vituoni watu walikague. Naomba mniangalie machoni: nenda ukaangalie. Usimtume mwenzako. Usiseme "nilijaza fomu." Na mimi nilijaza fomu! Nenda usome jina lako kwa macho yako, tahajia, kituo, yote. Jina likikosekana au likiwa na kosa wakati huo, kuna watu wa parishi wanaopokea malalamiko na linarekebishwa. Siku ya kura hakuna wa kukurekebishia. Na ile ya kuangalia kwenye tovuti, ifanye mapema na uandike jina la kituo kwenye karatasi, maana simu mimi ilishanitupa mkono.

Ukifika, angalia na herufi. Vituo vikubwa hugawanywa kwa majina, A hadi M huku, N hadi Z kule. Wanafuata jina la ukoo, lile lililo juu kwenye kadi. Kama kadi inaanza Nabwire halafu Esther, mstari wako ni wa N. Nimeona wasichana wakisimama kwa muda wa saa mbili kwenye mstari wa E.

Siku yenyewe haina mengi: saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, na ukiwa tayari kwenye mstari saa kumi inapogonga, una haki ya kupiga. Ukitumia dole gumba, wino kidogo, na uache ukauke kabla ya kukunja, usije ukachafua kisanduku cha mwingine.

Mtu aliniuliza wiki jana kwa nini najisumbua hivi. Huwa nawaona wakati wa uchaguzi wa gildi, serikali yenu ya wanafunzi. Mnaimba usiku kucha, mabango mnachapa kwangu mpaka wino unaisha. Mnajua kabisa kura ni nini. Mikopo ya wanafunzi ilikuja kwa sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2014, na fedha zake hujadiliwa na Bunge hilohilo kila bajeti. Kuna wabunge watano wa vijana mle ndani. Katiba, kifungu cha 59, inasema kupiga kura ni haki yako ukifika miaka 18, na kujiandikisha ni wajibu wako. Sipendi kuwaona mkiimba namna ile halafu mwaka wa uchaguzi mkuu majina yenu yako kwenye kituo kisichofikika.

Mvua imepungua. Huyu kaka aliyekaa hapa naona ana kadi mfukoni, na pale mlangoni wako wawili wanangoja. Kaka, toa kadi. Soma NIN yako kwa sauti, mimi nafuata kwa kidole... taratibu. Hiyo ni sifuri au O?