Shusheni macho mpaka majini

Kila nikiuweka mchoro huu ukutani, wa kwanza kunyoosha mkono husema: dhahabu! Haya, dhahabu tumeiona. Hilo ni Bucintoro, chombo cha fahari cha dola ya Venice, kimefungwa gatini mbele ya kasri, Sikukuu ya Kupaa Bwana. Canaletto, mchoraji wa Venice, alilichora mwanzoni mwa miaka ya 1730. Sasa nawaomba, kama ninavyoomba kila mwaka, shusheni macho mpaka majini.

Chombo kile kilikuwa na makasia 42, kila kasia watu wanne. Pigeni hesabu: watu 168, sitaha ya chini, wakubwa wamekaa juu yao. Wapiga makasia hao walikuwa mafundi wa Arsenale, kiwanda cha meli cha dola. Na kati ya mafundi wa kiwanda kile alikuwamo anayeitwa calafato. Mmelisikia neno hilo? Nendeni bandari yoyote ya majahazi huku kwetu, mtamkuta fundi amechutama chini ya ubavu, patasi mkono mmoja, nyundo mkono mwingine, anashindilia pamba kati ya ubao na ubao. Muulizeni anafanya nini. Atawajibu: natia kalafati. Neno lile lile! Kazi ile ile! Halafu mtu aniambie mchoro huu ni wa Wazungu, hautuhusu.

Wengine husema Canaletto si shahidi wa kuaminika, alikuwa akipanua na kusogeza mandhari apendavyo. Kweli, alifanya hivyo. Baba yake alichora mapazia ya tamthilia, naye akaanzia huko. Lakini tazameni nani kawekwa mbele kabisa, karibu nasi: wapiga makasia wa gondola, zile mashua nyembamba za Venice, wamesimama, migongo imeinama. Hao hakuwasogeza nyuma.

Muda unanibana. Pete ambayo mtawala, Doge, aliitupa baharini kule kisiwa cha Lido kuioa bahari, tutaizungumza siku nyingine. Mchoro wenyewe ulifika kwa mfalme George III wa Uingereza mwaka 1762, aliponunua mkusanyo wa Joseph Smith, konsuli wa Uingereza mjini Venice.

Nisiliache hili tu. Mwaka 1798 askari wa Napoleon waliing'oa nakshi ya Bucintoro, wakaichoma ili wakusanye dhahabu. Chombo chenyewe hawakukichoma. Kilitiwa mizinga, baadaye kikafanywa gereza, kikaendelea kuelea kwa mbao na kalafati za mafundi wale hadi kilipobomolewa mwaka 1824.