"Unakwenda wapi?" "Mjini": jina la Istanbul ni la nani hasa

Asalam aleykum jamani, na wengine wote habari za jioni. Nimepewa nusu saa na mwenyekiti ameshaanza kutazama saa yake, kwa hiyo salamu ndefu tutasalimiana nje.

Nimekuja na sarafu. Hii hapa, izungusheni muishike ila tafadhali irudi. Niliinunua enzi nasoma Uturuki, kwa mzee mmoja anayetandaza vitu vya kale chini pale Beyazıt, jirani na lile soko kubwa lenye paa. Ni ya fedha, upande mmoja ina tughra, ile sahihi ya sultani iliyosokotana kama uzi uliochezewa na paka, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Mzee anataja bei, mie nimeinama naisoma kwa sauti, maana sie wa chuoni herufi hizi tumechapiwa bakora tangu wadogo: duriba fii Qustantiniyya, yaani imechapwa Konstantinopoli, ndiyo Istanbul hiyohiyo, chini yake mwaka 1293. Mzee akanitolea macho. Miaka yote anaziuza, kuzisoma hajui, kwa sababu mwaka 1928 Uturuki waliacha herufi za Kiarabu wakahamia za Kilatini, kwa hiyo babu yake angeisoma, yeye hawezi, na mwanafunzi mweusi kutoka Afrika Mashariki ndiye anamsomea sarafu ya mjini kwao. Bei hakupunguza lakini.

Sasa 1293 ni ya Hijria, mwaka aliotawazwa Abdülhamid wa pili, kwa kalenda hii nyingine 1876. Mji ulitekwa na sultani wa Kituruki, Mehmed wa pili, tarehe 29 Mei 1453, kijana wa miaka 21. Pigeni hesabu. Zaidi ya miaka 400 baada ya kutekwa, sarafu ya sultani, khalifa mzima, bado imebeba jina la Constantine, mfalme wa Kirumi aliyeuzindua mji huo mwaka 330 juu ya mji wa zamani zaidi wa Kigiriki ulioitwa Byzantion. Sisi wengi tunadhani Waturuki waliingia asubuhi, wakang'oa kibao cha Konstantinopoli, jioni wakapigilia cha Istanbul. Wapi! Mwenye kuteka mji mkubwa halifuti jina lake, akilifuta sifa yake inakwenda nalo. Mehmed alijiita Kayser-i Rum, Kaisari wa Rumi, na utakuwaje Kaisari wa mji usio na jina? Halafu kuna ile hadithi ya Mtume ya kutekwa kwa Konstantiniya, imo kwenye Musnad ya Imam Ahmad, Waturuki wanaipenda mno, na hadithi imelitaja jina hilohilo. Ukilibadilisha umejikata mwenyewe.

Haya, na Istanbul je? Hapa ndipo watu huwa wanabisha. Istanbul ni Kigiriki. Tena Kigiriki cha mtaani, cha watu wa kapu na mikokoteni. Konstantinoupolis lilikuwa jina refu la ofisini, nani ana muda nalo, na pale jirani hakukuwa na mji mwingine wa kuulinganisha nao, kwa hiyo wenyewe walisema tu Poli, Mji. Unakwenda wapi? Is tin Polin. Yaani mjini! Nyie mnaijua habari hii kuliko maprofesa, muulize mtu wa Ng'ambo pale Unguja anakwenda wapi na kapu lake atakwambia naenda mjini, hataji jina na wala humuulizi mji gani. Ile -ni yetu ndiyo is tin yao. Sasa mgeni asiyejua lugha akilisikia neno hilo mara ishirini kwa siku ataandika kwenye daftari lake: mji huu unaitwa Mjini. Basi ndivyo ilivyokuwa.

Na sauti zake mnaziweza. N ikikutana na p Mgiriki anaziyeyusha inakuwa mb, stimboli, hata sie hatusemi nbaya tunasema mbaya. Mturuki naye hapendi neno lianze na konsonanti mbili zimebanana, anatanguliza i, stesheni kwake ni istasyon, kwa hiyo Stambol ikawa Istanbul. Izmir ni hivyohivyo, ni Smirna imevutwa na ile "is". Iznik ni Nikea.

Tena hili halikuanza 1453. Al-Masudi, yule msafiri wa Baghdad aliyefika mpaka huku kwetu pwani ya Zanj, karne ya 10 aliandika kwamba wenyewe hawauiti Konstantiniya, hiyo ni yetu Waarabu, wao husema Bulin, na Istan-Bulin. Karibu miaka 500 kabla ya mzinga wa Mehmed kupiga ukuta! Kwa hiyo jina ambalo leo Mgiriki mwenye hasira analiona la mtekaji ni la bibi yake mwenyewe akienda sokoni, na lile analolililia ndilo masultani walilichapa kwenye pesa. Mie nikilifikiria hili huwa nacheka peke yangu.

Walijaribu pia kulivika jina hilo la Istanbul kanzu. Islambol, "mji uliojaa Uislamu", mchezo wa maneno tu, ukatiwa hata kwenye sarafu za karne ya 18. Haukudumu.

Kulizika Konstantinopoli rasmi ni kazi ya jamhuri, si ya sultani. Tarehe 28 Machi 1930 serikali ikataka dunia nzima itumie Istanbul, na barua iliyoandikwa Constantinople posta haikuipeleka tena. Wakati huo hata makao makuu yalishahamia Ankara, tangu 1923. Waturuki wenyewe hawakushtuka, walishazoea kusema Istanbul, walioambiwa ni wageni.

Naona mkono pale, ndiyo, Wagiriki wao? Wao mpaka kesho ni Konstantinoupoli, kwenye habari, kwenye vitabu vya shule, na nyumbani ni Poli tu, Mji. Jumanne kwao ni nuksi, kwa sababu mji ulianguka Jumanne. Waliobaki mjini kwenyewe ni wachache. Mwaka 1923 Uturuki na Ugiriki walibadilishana watu kwa dini zao, Wagiriki wa Istanbul wakaachwa wakae, lakini Septemba 1955 maduka na makanisa yao yakavunjwa usiku mmoja kwa habari kwamba nyumba aliyozaliwa Atatürk, mwasisi wa jamhuri ya Uturuki, kule Thessaloniki, Ugiriki, imetegwa bomu, na 1964 wenye uraia wa Ugiriki wakafukuzwa, kila mtu na mzigo wa kilo 20. Leo labda wapo elfu mbili au tatu. Mturuki hawaiti Yunani hao, Yunani ni wa kule Athens, hawa anawaita Rum. Warumi! Na Rum hiyo mnayo kwenye Kurani, na Herekali wa ule utenzi ulioandikwa Pate mwaka 1728 ni huyohuyo Heraclius aliyetawala kutoka Konstantinopoli.

Mtaa wao wa zamani unaitwa Fener, Kigiriki tena, taa, na ukoo wake ni mmoja na fanusi yetu iliyopitia Uarabuni. Patriaki wa Waorthodoksi anakaa hapo mpaka leo. Siku moja nilikwenda, kilima kikali, nguo zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha juu ya kichwa chako, mlinzi akanipekua begi. Cheo cha patriaki ni Askofu Mkuu wa Konstantinopoli, Rumi Mpya. Anwani yake ya posta ni Fener, Istanbul. Na barua zinafika.

Sarafu yangu iko kwa nani sasa? Haya dada wa nyuma, uliza, ila sema kwa sauti.