Kiazi cha sokoni na marando ya bure

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Hiki kiazi kitamu nimekinunua jana soko la Majengo, fungu la buku, yule mama kaniambia cha Gairo na mimi sibishi, Gairo na viazi ni ndugu. Tazameni huku upande wa kikonyo, mmeona hivi vidoti vya zambarau? Kinaamka chenyewe hiki, sijakigusa.

Mwaka wa kwanza mimi nilichimba shimo nikatupia kiazi kizima, kama mtu anavyopanda viazi mviringo, nikakaa kusubiri. Loh! Majani mpaka kwa jirani, kuja kuchimba nakuta kiazi changu kile kile cha zamani kimenenepa, kina nyuzi kama katani, nimekichemsha masaa mawili hakilainiki. Kiazi mviringo ni shina lile, limenona tu chini ya udongo, ndo maana unakipanda chenyewe. Kiazi kitamu ni mzizi, hiki kazi yake kukutolea marando, yale mashina yake yanayotambaa, basi.

Kwa hiyo chukua beseni bovu, tia mchanga, laza viazi vitatu vinne, vifukie kidogo, mwagilia na maji ya kuoshea mchele maana mgao tunaujua. Marando yakifika kama sentimita 30 unakata, usiyang'oe, yatachipua mengine, halafu unapanda kwenye tuta, theluthi mbili iwe chini ya udongo.

Sasa hapa ndo penyewe. Dodoma mvua yetu msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, kiangazi kikija marando yanakauka, yanayobaki mbuzi wanamalizia, mvua ikidondoka mtaa mzima unazunguka kuulizia mbegu. Wewe anza wiki 6 mpaka 8 kabla, yaani mwezi wa 10, ikipiga unachukua kisu unakata. Na matembele unachuma humo humo, ila usilinyoe tuta lote halafu utegemee na viazi vinenepe!

Ndiyo mama, uliza. Karoti? Hapana, kichwa cha karoti ukikiweka kwenye maji kinakupa majani, ukikihamishia kwenye udongo labda na maua, karoti nyingine hakikupi. Tangawizi inakubali, ila inataka kivuli na unyevu, kwa jua letu hili weka kwenye ndoo chini ya mwembe.

Haya, nani anaondoka na hiki kiazi?